Mwisho wa Wimbo wa Tisa

Tu-duum. Hiyo ndiyo sauti iliyotolewa na kompyuta ya dukani nilipochomoa flashi kabla haijamaliza. Milio miwili, wa kwanza juu, wa pili chini, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nimeisikia mara nyingi tangu hapo, maana kazi yangu ndiyo hiyo, lakini ile ya siku ile naikumbuka peke yake, pamoja na harufu ya matumbo yaliyokuwa yanachemka kwa bucha ya jirani, na mwendesha boda aliyekuwa ananigongea kaunta kwa ufunguo wa pikipiki.

"Dada, niko na abiria hapo nje. Wewe ni kukopi unakopi ama unaandika barua?"

Nikacheka, nikachomoa flashi iliyokuwa ndani nimwekee yake. Ule mstari wa kijani kwenye kompyuta ulikuwa umebakisha kidogo tu, upana wa ukucha. Nikasema moyoni hiyo ni kama imeisha.

Duka liko Majengo, mjini Meru, kati ya bucha na fundi wa cherehani. Tunawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kuna watu hudhani kazi hii ilikufa kitambo. Haijafa. Mtu wa boda hawezi kumaliza bando lake lote kwa muziki, na mama aliye shambani hana hata mtandao wa kumaliza. Wanakuja na flashi zao, wengine wamezifunga kwa leso kama dawa, na mimi ninawauliza wanataka nini.

Shule niliiacha kidato cha pili. Siku ya kwanza kazini bosi wangu, mzee wa papo hapo Majengo mwenye ndevu zilizopakwa hina, alinifundisha yote kwa dakika tano. Kila wimbo, alisema, uguse. Sekunde kumi. Ukifunguka, nenda kwa mwingine. Basi nikawa mtu wa sekunde kumi. Baada ya miaka miwili nilikuwa nazijua nyimbo zote zinazopendwa katika mji huu kwa mianzo yake. Gitaa likilia mara moja tu nakwambia ni nani. Miisho yake sikuijua hata mmoja. Na bado nilikuwa na ndoto ya kutangaza redioni siku moja. Nilikuwa nazitambulisha zile nyimbo kimoyomoyo, kwa sauti nzito, "na sasa tunaelekea huko Maua," halafu nazikata kabla mwimbaji hajamaliza hata mstari wa kwanza.

Ile flashi niliyoichomoa haraka ilikuwa ya mwimbaji mmoja. Mji mzima ulimjua, ingawa si kwa jina lake. Walimjua kwa jina la bendi. Walikuwa wanne, walianza kupiga wakiwa wanafunzi huko Kaaga, na yeye ndiye aliyesimama mbele na kuimba. Wimbo wao mmoja ulikuwa unapigwa kwa kila harusi wakati wa kukata keki. Kila harusi. Ukimwona njiani ulitamani kutafuta kisu. Sasa alikuwa ametoka kwa bendi na kutengeneza albamu yake mwenyewe, nyimbo tisa, amepiga kila kitu peke yake katika chumba alichopanga Kaaga: gitaa, besi, ngoma, sauti zote.

Aliileta wiki ile shule zilipofunguliwa, flashi ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa mwembamba, mpole, na alizungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Usizipange upya," aliniambia. "Zimepangwa. Moja mpaka tisa."

"Sawa."

"Na jambo lingine. Watu watakwambia wimbo wa kwanza ni mzuri. Hiyo usiniambie. Niambie tu siku mtu atakapotaja mwisho wa wimbo wa tisa."

Nikamuuliza kwa nini huo. Akaegemea kaunta, akanieleza bila kuzunguka. Wenzake watatu walikuwa wamepata hoteli Nanyuki ya kupiga kila wikendi, nao walitaka arudi. Nafasi yake walikuwa wanaishikilia. Hakujua kama arudi akaimbe keki, au abaki na hizi tisa zake. Alikuwa amejiambia kwamba akipata mtu mmoja, asiye ndugu yake wala rafiki yake, aliyesikiliza mpaka mwisho kabisa bila kuombwa, atabaki.

"Mmoja tu?" nikauliza.

"Mmoja."

Nikaona hiyo ni rahisi sana. Nilimwahidi nikitabasamu. Halafu akaja yule wa boda na ufunguo wake, mengine nimeshasema. Nilimrudishia mwimbaji flashi yake, akaivaa shingoni, akaenda.

Kosa la pili lilikuwa la bosi. Huku kwetu, toka Embu mpaka Meru, mwanamuziki akiachana na bendi watu wanajua kitu kimoja tu: amekuwa wanimani gita. Yaani mtu mmoja na gitaa na kinanda cha umeme, anapigia watu baa hadi wanashikana viuno na kuzunguka meza kama treni. Bosi aliposikia jamaa ameimba peke yake, aliitupa albamu kwenye folda ya wanimani gita bila kuifungua. Kwa hiyo wiki za kwanza ilichukuliwa sana. Na ilirudi sana.

"Mrembo, hii umenipa ni nini?" mwenye baa mmoja alinifokea. "Nimeiweka Jumamosi, watu wakasimama wakishikana viuno, treni ikakataa kutoka steji!"

"Si ya kucheza, ni ya kusikiliza."

"Kusikiliza nani? Mimi nauza nyama na bia."

Mwingine alisema ilikuwa sawa lakini wimbo wa keki hauko. Mwingine alitaka wa pili peke yake, nizitoe hizo zingine ziache nafasi. Niliihamisha albamu nikaipa folda yake yenyewe, na baada ya hapo haikuchukuliwa na mtu isipokuwa nimsukumie. Nilisukuma. Nilimsukumia hata fundi wa cherehani.

Mmoja niliyekuwa nimemsukumia mapema, katika zile siku za kwanza, alikuwa cucu mmoja, bibi mzee kutoka upande wa Kiritiri, kule chini Embu kwenye joto. Alikuwa amemleta mjukuu wake shule Kaaga, ameshamwacha na sanduku na godoro, sasa anangoja gari la kumrudisha. Alitoa redio ndogo ya kuchomekea kadi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Niwekee kitu cha kusikia nikipalilia ndengu," alisema. "Za kanisa ninazo. Na sitaki makelele."

Albamu ilikuwa pale pale mbele yangu kwenye kompyuta. Nikamwekea. Nikagusa wimbo wa kwanza sekunde kumi, ukafunguka, nikamwambia aende salama.

Mwimbaji alikuwa anapita kila baada ya siku chache. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, na mimi nilitikisa kichwa kabla hajauliza, naye aliinua mkono na kuendelea na safari yake. Ilikuwa hivyo mara ya kwanza, na ya pili, na ya tano. Sura yake ilizidi kuwa ndogo. Sijui niseme vipi. Alikuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Siku moja alikuja akiwa ameloa. Mvua ya Meru ilikuwa imempata barabarani, viatu vinalia maji. Alisimama palepale mlangoni, na safari hii aliuliza.

"Bado?"

Na mimi nikasema, "Kuna mmoja."

Sijui ilitoka wapi. Sikuwa nimeipanga. Nilimwona tu anadondosha maji kwenye saruji, nikaona nimpe kitu cha kujifutia.

"Mmoja? Nani?"

"Mama mmoja. Simjui. Alisema mwisho ule ulimtoa machozi."

Aliketi kwenye benchi la wateja. "Na alijibu?"

"Alijibu nini?"

Aliniangalia kidogo, halafu akacheka peke yake. "Basi. Kama alilia, inatosha."

Alitoa simu palepale, akapigia wenzake. Nilisikia kila neno kwa sababu duka letu ni dogo. Aliwaambia wamwachie mpaka mwisho wa mwezi kabla ya kuchukua mtu mwingine, na kwamba huenda asirudi. "Kuna mtu amefika mwisho," alisema. Mtu wa upande wa pili alipiga kelele za hasira. Yeye alitabasamu tu na kukata simu. Akaninunulia chai kwa mama wa jirani, chai yenye maziwa mengi, nikainywa yote. Ilikuwa tamu.

Ikafika Jumamosi ya wazazi kutembelea watoto Kaaga. Mji ulijaa watu wenye vikapu vya chapati na kuku wa kukaanga. Karibu na saa nne nikasikia kaunta inagongwa, si kwa ufunguo. Ilikuwa redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Msichana, wewe uliniuzia mtu ambaye hakumaliza."

Ni yule cucu wa Kiritiri, mgongo umenyooka, amevaa sweta ya mjukuu juu ya gauni.

"Hakumaliza vipi, cucu?"

"Wimbo wa mwisho. Anaimba vizuri, anaimba vizuri, halafu anasema 'nime', na kimya. Nime nini? Wiki sita nimepalilia nikijiuliza. Nimefika? Nimechoka? Nimeoa? Jirani yangu anasema labda ni nimekufa."

Bosi wangu akajiingiza kutoka nyuma. "Mama, nyimbo za siku hizi zinaishanga hivyo hivyo. Ni mtindo."

"Mtindo wa nyumbani kwako," cucu akamwambia. "Mtu mzima hawezi kuacha watu na 'nime'."

Nilifungua wimbo wa tisa kwenye kompyuta na kuuvuta mpaka karibu na mwisho. Gitaa, sauti yake, "nime", na kimya. Nikarudia. "Nime." Mkono wangu ulikuwa juu ya mausi na nikasikia tena ule mlio wa siku ile, tu-duum, kichwani mwangu, wazi kabisa. Na ufunguo wa boda. Na ule mstari wa kijani wenye upana wa ukucha.

Kwa hiyo kila nakala iliyotoka katika duka lile ilikuwa imekatika. Zote, wiki sita nzima. Na hakuna mtu mmoja aliyekuwa amerudi kulalamika, isipokuwa huyu. Nililifahamu hilo polepole, kama mtu anayesoma barua yenye maandishi mabaya. Na nikafahamu jambo la mwisho, ambalo lilikuwa langu: kwamba hapakuwa na binadamu ambaye angeweza kulia kwa mwisho ule, kwa sababu haukuwepo.

Wimbo mzima ulikuwa kwenye flashi moja tu, shingoni mwa mwenyewe. Ningeweza kumpigia simu nikamwambia kompyuta imeharibika, lete tena. Nilifikiria hivyo kwa muda ambao cucu alichukua kukaa kwenye benchi na kuvua kiatu kimoja. Kisha nikapiga.

Alifika kwa haraka, anahema. Sikumpa nafasi ya kusalimia.

"Nilichomoa flashi yako mapema," nilisema. "Siku ile ya kwanza. Wa tisa umekatika. Watu wote niliowapa wamepata uliokatika."

Alisimama. Macho yake yalikwenda kwenye kompyuta, yakarudi kwangu.

"Na yule mama wa machozi?"

"Hakuwepo."

Bosi alijifanya anapanga chaja. Nje kule mchinjaji alikuwa anagonga mfupa. Mwimbaji alishika ile flashi shingoni kama mtu anayeshika kifungo cha shati. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, taratibu, "Basi wacha niwapigie vijana. Nafasi bado ipo," akaanza kutoa simu.

"Nyinyi mnaongea nini?" cucu akauliza kutoka benchi. "Wimbo wangu uko wapi?"

Mwimbaji aligeuka, kama ndiyo kwanza anamwona. "Wimbo gani, cucu?"

"Wa huyu kijana asiyemaliza maneno. Unamjua?"

Nilifungua mdomo. Alinizuia kwa kidole.

"Namjua kidogo," alisema. "Ulizisikia zote?"

"Zote. Kila siku. Wa tatu ni mzuri kwa kupalilia, mkono unaenda nao. Wa tano sikuupenda, huo ni wa mtu mwenye njaa. Wa saba nilimwimbia mbuzi."

"Moja mpaka tisa? Hukuruka?"

"Ningeruka vipi? Hiki kifungo cha kuruka kilikufa mwaka juzi." Akainua redio amwonyeshe. Kweli, mahali pa kifungo palikuwa na shimo tu.

Mwimbaji alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi kando ya cucu, kichwa katikati ya magoti, simu bado mkononi. Kwa kweli sikujua kama ni kicheko. "Kifungo," alikuwa anasema. "Msikilizaji wangu mmoja, na ni kwa sababu ya kifungo."

Cucu alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa wenyewe anapochafua nguo. Akaipindua redio upande wa pili.

"Lakini hiki cha kuzima," alisema, "kinafanya kazi."

Akakibonyeza mara mbili ili aone. Redio ikazima, ikawaka.

Mwimbaji aliacha kucheka. Alikaa vile vile, akikitazama kidole cha cucu juu ya kile kifungo, kidole chenye udongo kwenye ufa wa ukucha. Baadaye alitoa kamba ya kiatu shingoni, akanipa flashi.

Nilikopi. Nilisimama mbele ya kompyuta nimefunga mikono nyuma mpaka mstari wa kijani ukajaa wote na kutoweka. Wateja wawili walikuwa wananiita, nikawaacha waite. Nikaiweka kadi ya cucu kwenye redio yake. Hakutaka kuondoka kabla ya kuhakikisha, kwa hiyo aliketi pale benchini redio ikiwa imebanwa sikioni, naye mwimbaji kando yake akitazama barabara, na mimi nikirudi kwa hao wateja wangu. Sikuusikia. Niliona tu uso wa cucu. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaiambia redio kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa njia:

"Eeh. Iko sawa."

Mwimbaji akajifuta uso kwa mkono wa shati. Cucu akasimama, akafunga redio kwa mpira wake, akamwambia, "Ukimwona huyo kijana mwambie nimefurahi hakuoa," akaenda kumpelekea mjukuu wake chapati. Hakujua alikuwa anazungumza na nani, na nadhani hata sasa hajui.

Wale wa bendi walichukua mtu mwingine. Mwimbaji aliwapigia simu akiwa bado kwenye benchi letu, na safari hii hakutabasamu, alizungumza nao vizuri, akawatakia heri. Siku hizi anakaa Embu mjini, anafundisha watoto gitaa, na nasikia anatengeneza nyimbo nyingine. Hakunisamehe kwa maneno. Ila aliacha flashi yake kwangu, na kamba yake ya kiatu.

Ijumaa iliyofuata bosi alienda msikitini kama kawaida. Saa hiyo spika ya nje huzimwa, mlango hufungwa nusu, na Majengo yote hutulia, hata mchinjaji huweka shoka chini. Nilikuwa peke yangu. Nilivaa visikizio, nikaanza na wimbo wa kwanza, na sekunde kumi zilipofika kidole changu kikainuka chenyewe kutaka kukata. Nikakikalia. Nasema kweli, niliketi juu ya mkono wangu.

Nilizipitia zote. Wa tatu kweli mkono unaenda nao. Wa tano si mbaya hivyo. Wa tisa ulipofika pale, alisema "nimebaki", akairudia mara mbili, na gitaa likaisha. Nikadhani ndiyo mwisho. Halafu kiti kikalia, na sauti yake ya kawaida, ile ya kuogopa kumwamsha mtoto, ikauliza:

"Iko sawa?"

Hakuna aliyemjibu. Alikuwa amepiga kila kitu peke yake, hapakuwa na mtu katika kile chumba cha Kaaga. Unasikia anangoja. Kwa mbali jogoo mmoja. Bado anangoja. Kisha mlio mdogo wa kuzima.

"Iko sawa," nikasema, dukani, mlango ukiwa nusu.

Nikabonyeza ile alama ya kutoa flashi. Nikangoja mpaka kompyuta iliponiruhusu, ndipo nikachomoa.